Kifungo cha Tano

Kamusi inaniambia: vuli.
Lakini vuli niliyofundishwa ni mvua,
mvua fupi ya watu wa pwani,
na hapa Kabale hakuna mti unaovuliwa majani na baridi.
Mikaratusi tu hubambuka magome,
husimama miguu wazi kandokando ya njia ya Katuna,
na majani yake huko juu, mabichi, hayana habari.

Kwa hiyo vuli yetu huletwa na lori.
Hufika imekazwa kwa mikanda, kilo arobaini na tano.
Mugarura huikata kwa kisu cha ndizi
nayo hushusha pumzi:
harufu ya kabati la mtu usiyemjua.

Juni, saa moja asubuhi,
ukungu umejaa bondeni kama maziwa yaliyofurika sufuria,
nilizamisha mkono hadi bega ndani ya robota
nikavuta koti.
Sufu nzito, rangi ya ugoro,
kola pana, ya miaka ile watu walipotaka kuonekana
hata na walio nyuma yao.
Bitana ilikuwa imeshonwa upya kwapani
kwa uzi usiofanana,
mkono wa mtu mwenye haraka, na mwenye mapenzi.
Vifungo vinne. Tundu la tano likanikodolea macho.

"Ishirini na tano."
"Kumi na mbili."
"Dada, hili ni koti la balozi!"
"Balozi gani anatembea kifungo kimoja pungufu?"
Tulikutana kwenye elfu kumi na sita.

Mfukoni, chini kabisa, kitu kigumu.
Nilidhani sarafu. Ilikuwa kokwa,
ya kahawia, laini, yenye doa jeupe upande mmoja,
inang'aa kama jicho la mbuzi aliyeshiba.
Ninsiima akasema tuipande.
Mama akasema ni dawa, au sumu, kanawe mikono.
Mimi nikasema: kifungo.

Fundi Tindyebwa akaitazama, akanitazama,
akaitoboa kwa sindano ya moto, matundu mawili.
"Wakiuliza nani kashona hii," akasema, "nitakana."

Basi navaa.
Gauni la kitenge, soksi za shule za kaka yangu,
viatu vya kiume vyenye kamba,
na koti juu, nikienda kupima viazi ghalani.
Madereva hupiga honi: "We bibi! Bibi wa zamani!"
Naandika: gunia la kumi na saba, kilo mia na nne.
Vumbi la viazi halionekani kwenye rangi ya ugoro.
Nililijua hilo nikinunua. Urembo nao una hesabu zake.

Na bibi wa zamani yupo kweli,
ukutani, ndani ya fremu iliyoliwa kona:
Kebirungi, studio, mkono kiunoni.
Redio ilikuwa imeamuru magoti yafichwe
naye hakuwa na fedha ya sketi nyingine.
Wenzake waliongeza pindo kwa kitambaa cheusi, kisionekane.
Yeye alikata pazia la jikoni, la njano, lenye kuku.
Nimewahesabu: kuku sita
wakikimbizana kuizunguka miguu yake.
Hatabasamu. Kidevu kimeinuka kidogo tu,
kama anayemsubiri mpiga picha akiri.

Mtu fulani, huko majani yanakopukutika,
aliinama akaokota kitu kizuri kisicho na kazi,
akakisahau.

Saa nne ukungu ukipanda, joto huniingia,
nafungua koti: kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne.
Cha tano nakiacha kwanza.
Nakisugua kwa kidole gumba.
Mng'aro unapungua, kinasinyaa kila juma,
najua siku moja kitapasuka mbele ya mizani
na madereva watacheka.
Nitatafuta kingine. Sijui nini.
Labda kuku.