Anwani ya Makazi

Fomu imekuja saa mbili asubuhi:
jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, akaunti ya benki,
kisha mstari mmoja mrefu, mweupe: anwani ya makazi.
Nimeutazama mpaka chai ikafanya utando.

Tunakaa ndani ya gari.
Zamani lilibeba watalii wa Nungwi.
Shaame alilingʼoa viti kumi na tisa, akauza kumi na saba;
viwili tunavikalia wakati wa kula.
Kitanda cha watoto hukunjwa kikawa meza yangu,
na juu ya paa pana sola mbili, tangi la maji
na baiskeli ya Ghanim isiyo breki.

Tuliposhuka Mkoani mabaharia waliliona pazia:
"Bibi harusi yumo humo?"
Hayumo. Yumo mhasibu
wa kampuni ya vigae iliyoko Sharja,
anayedaiwa hesabu za mwezi kabla ya Alhamisi.

Pemba ni vilima na mabonde, na mtandao nao hivyo hivyo.
Bondeni napata kijiti kimoja kinachokufa na kufufuka.
Hatuulizi ufukwe uko wapi; twauliza mnara uko wapi.
Raya ameinua simu dirishani kama apimaye homa:
"Viwili, mama! Vitatu! Baba, simama!"
Na Shaame husimama, hata kwenye kona,
ngʼombe wa watu wakitusubiri.

Mtambwe, mama mkwe alilizunguka gari mara mbili,
akaligonga ubavu kama anayechagua fenesi.
"Mwahama, au mmefukuzwa nyumba?"
"Hatuhami, mama. Twatembea na kazi."
"Kazi yenyewe i wapi?"
Nikamwonyesha kompyuta.
Akaitazama kama sahani tupu aliyoambiwa ina wali.
"Haya. Egesheni kivulini, isije ikaungua."

Jumatano, kikao.
Juu nimevaa shungi ya heshima na blauzi ya pasi,
chini kanga ya kulalia.
Meneja anauliza pengo la dirham mia nne na hamsini.
Nasema nalitafuta.
Nje, majamvi sita ya karafuu yamelala juani.
Tone la kwanza kwenye bati. La pili.
Kisha sauti ya mama mkwe, ikimpita meneja:
"Anueni! Anueni, jamani!"

Kuna mambo mtu haulizi ni zamu ya nani.
Nimezima maiki. Kamera nimeisahau.
Mlango ukafunguka: Shaame na jamvi la kwanza,
nami nikalipokea upande wa pili,
Raya na Ghanim wakiburuta la pili,
mama mkwe na gunia, Mwanakombo wa jirani na ungo,
na kuku mmoja ambaye hakualikwa.
Nilipokaa tena, karafuu zilinifika kifuani.

Sharja kumekuwa kimya.
"Bi Zuwena, ni nini hicho?"
"Karafuu, bwana. Za mama mkwe. Zikilowa zimekwisha."
Akanyamaza, halafu akasema bibi yake
alikuwa akizitia kwenye kahawa.
Harufu haipiti mtandaoni.
Ingepita, angelisahau lile pengo.

(Nililipata usiku, wote wamelala:
mia moja na sitini, mtu kaandika mia sita na kumi.)

Mvua imepita, majamvi yamerudi nje.
Fomu bado.
"Andika namba ya gari," anasema Raya.
Shaame anasema andika Mtambwe, si ndiko kwao?
Nimeandika Mtambwe, nikafuta;
kesho twaenda Konde, wanasema kuna vijiti vinne.
Nimejaribu tena, herufi ya M haiandiki.
Nimeipindua kompyuta, nikaipiga mgongo kama mtoto aliyepaliwa.
Kikadondoka kikonyo kimoja.