Kutoka Kushoto Hadi Kulia

Brno, Februari. Theluji imeziba madirisha ya kiwanda cha skrubu.
Vlastimil ananiambia: Chagua, Drahomíra, una wiki moja.
Programu tatu. Ya kwanza ghali kama mahari.
Ya pili ya bure, maelezo yake nusu,
nusu iliyobaki kimya.
Ya tatu niliichukua kwa sababu ya kijinga:
nilipokosea, iliniambia nimekosea wapi.

Miaka thelathini na mmoja nimechapa oda kwa vidole hivi.
Sasa najifunza kuvuta uzi
toka kisanduku cha kushoto hadi cha kulia,
jina kwa jina, bei kwa bei.
Ujumbe wa mnunuzi huanza na mwaka, sisi twaanza na siku;
nikawapatanisha kama mshenga,
usiku, miwani puani, viatu nimevua.

Jumanne nikajaribu. Skrini ikawa kijani kibichi.
Nikajipongeza kwa keki ya mbegu za mpopi.

Alhamisi, malori matatu getini,
madereva wanapuliza viganja:
wametumwa kubeba makasha mia nne.
Mnunuzi alitaka skrubu mia nne.
Uzi haukukatika. Ulifika salama,
pasipo pake.

Vlastimil hakusema neno. Alinisogezea kiti.
Tukaifungua ramani, nikaonyesha:
hapa wameandika kipande,
pale mimi nimefunga kasha.

Dereva wa tatu, masharubu yameganda barafu, akaomba chai.
Nikasimama na birika mkononi.
Kikombe, nikamuuliza, au birika?