Kiriba cha Sekunde Kumi na Moja

Mbuzi nimemchuna bila kisu, hapa Ruwi,
ghorofa ya tatu, juu ya fundi wa kanzu
ambaye cherehani yake hunitikisia kikombe.
Ngozi ni vitone elfu sita na mia nne
vilivyofungwa kwa springi zisizoonekana,
kila kitone kimemshika jirani kiunoni
kama watu wa foleni wasioaminiana.

Filamu ni ya watoto. Punda anapanda Jebel Akhdar,
kiriba cha maji ubavuni, kinanesa. Basi.
Sekunde kumi na moja. Nimekaa nazo wiki tano.

Siku ya kwanza kiliruka kama mpira.
Nikakaza springi: kikawa sanduku la safari.
Nikalegeza: kikamwagika mgongoni mwa punda
kama uji uliofurika.
Kisha likaja tatizo lisilo na kelele:
kila fremu, kiriba kilipungua
kiasi cha chozi,
na tundu hakuna. Nilikagua mshono kwa mshono.
Kufika fremu ya mia mbili sitini na nne
punda amebeba ngozi tupu
na njia nyuma yake haijalowa.

Muhannad, mwenye studio, akasema, "Watoto hawatajua."
Mtoto aliyewahi kutumwa maji atajua.

Wahenga walisema yakimwagika hayazoleki.
Huku kwangu yanazoleka: nabonyeza vitufe viwili,
kila tone linarudi shingoni kinyumenyume, bila aibu.
Labda ndiyo maana hayakuwa na uzito.

Nikanunua laban ya mfuko, nikaining'iniza
kwenye kitasa cha mlango, nikaisukuma, nikairekodi kwa simu.
Ngozi husimama kwanza.
Maji huchelewa, huja kugonga, hurudi,
na ngozi hubadili nia:
ugomvi wa watu wawili waliopanga chumba kimoja.
Mara ya tisa mfuko ukapasuka.
Hakuna kitufe. Nikadeki.

Nina mimba ya wiki thelathini na nne.
Haitham hunitania, "Kiribatumbo," neno alilolirithi kwa mama yake,
mzaliwa wa Wete, anayehesabu pesa kwa Kiarabu
na kukasirika kwa Kiswahili.

Usiku wa Jumatano niligeukia kushoto.
Mimi nikasimama. Tumbo likaendelea kidogo.
Kisha likafika. Kisha kitu kikajikunyata,
kikasukuma kutoka ndani, karibu na mbavu,
na wimbi likapita chini ya nguo ya kulalia.
Nikaamka kuwasha kompyuta.
Nikaandika: kuchelewa, fremu mbili.
Nikaandika: ujazo usipungue, hata ngozi ikisihi.
Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena:
maji nayo yana rai yake.

Mashine ilipiga hesabu hadi alfajiri, ikihema kuliko mimi.
Punda akajikwaa kwenye jiwe
na kiriba kikachelewa kujua.

Bi Zuweina alikuja na sufuria ya bamia,
akatazama skrini huku amesimama.
"Hicho kimejaa," akasema, akaenda kutafuta sahani.
Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo.

Akiwa mlangoni akaniusia:
"Chupa ikipasuka, nipigie, hata usiku."
Chupa! Nililibeba neno hilo hadi nyumbani,
taa nyekundu baada ya taa nyekundu.
Chupa ni kioo, na kioo hakina springi.
Kioo hakichelewi, hakipishi, hakibadili nia.
Nani aliigusa ngozi hii akaiita chupa?
Labda hakuigusa. Labda alisikia tu
maji yakianguka sakafuni, gizani,
akaanza kuita watu.

Filamu nimeikabidhi. Fremu ya mwisho nimeiacha hivi:
punda ameshatoka kwenye picha, umebaki mkia,
na kiriba, nusu yake ndani, nusu nje,
kinarudi upande wa pili.
Muhannad alitaka kitulie kwanza.
Nilikataa.