Nyanya za Unga Limited

Julai hii Mlima Meru haukuonekana siku kumi na moja.
Ukungu uliteremka hadi kwenye mabati yetu
ukakaa, kama mgeni aliyeambiwa karibu
akadhani ni neno la kweli.

Nilikuwa na mche mmoja,
kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini, nyuma ya bafu,
katikati ya mihogo miwili niliyoipanda iwe pazia.
Majani yanafanana, muulize mbuzi.
Sikuupanda niuze.
Nimelinda mageti ya watu miaka ishirini na tisa, zamu ya usiku,
na tangu wanipe barua na saa ya ukutani
macho yamekataa kustaafu.
Saa nane usiku nasikia kila mbwa wa mtaa,
nawajua wote kwa majina ya wenye nyumba.

Mwanzo niliona weupe kwenye majani ya chini, nikacheka:
hata mche umekuwa mwenyeji wa Unga Limited.
Kisha kile kishada cha juu, kikubwa,
kile nilichokuwa nakihesabia siku,
kikatoa jani moja la njano katikati.
Nikalivuta. Likaja.
Halikushika, halikubisha, lilitoka
kama jino la mtoto.
Nikakipasua kwa kidole gumba:
ndani kijivu, manyoya ya panya,
na vumbi likapaa kidogo,
nikaziba pumzi kama mtu aliyefumania.

Miaka ishirini na tisa nimengoja mwizi wa kuruka ukuta.
Huyu hakuruka. Alianzia moyoni
akaja nje taratibu, amevaa njano.

Duka la pembejeo, jirani na soko la Kilombero.
Binti anaitwa Aikande, kalamu imechomekwa nyweleni.
"Nyanya zangu zina ukungu."
"Nyanya gani?"
"Za kienyeji."
"Umezipanda wapi?"
"Kwenye ndoo."
"Ngapi?"
"Moja."
Akanitazama. Nyuma yangu mama mmoja anasubiri mbegu za sukuma wiki.
Aikande akaushusha mfuko wa dawa, ule wenye unga wa bluu,
akaurudisha rafuni.
"Hii ni ya nyanya, babu," akasema polepole.
"Nyanya inaliwa. Haivutwi."

Kisha, akimpimia yule mama mbegu,
kana kwamba anaongea na mizani:
kata mpaka chini ya palipooza,
wembe ufute kwa spiriti kila mkato,
chenye kijivu usikionee huruma.
Na upepo. Umeuficha mno, ndiyo maana.
"Mia tano," akamwambia mama. Sijui kama alikuwa ananidai mimi.

Nimekata.
Vishada vilikuwa saba, kimebaki kimoja.
Sita nilivitia kwenye mfuko wa sembe
nikasimama navyo uani kama mtu mwenye maiti.
Kuchoma siwezi: harufu itabisha hodi kwa Mama Nengai
kabla ya moshi, na mumewe ndiye balozi wa nyumba kumi.
Gari la taka siwezi: wale vijana hufungua kila mfuko.
Nikachimba, saa tisa usiku, kwa tochi yangu ya zamu,
nimevaa koti la lindo kwa sababu ya baridi
au sijui kwa sababu gani.
Mbwa wa Mzee Loishiye alibweka mara mbili,
akanitambua, akanyamaza.

Kile cha saba sikukiacha nje.
Nimekining'iniza kabatini, kichwa chini, kwa kamba ya kiatu,
pembeni ya suruali yangu ya misibani.
Kila saa naamka (naamka wapi, sijalala)
nafungua mlango wa kabati, nakinusa.
Bado. Bado ni nyasi tu, na ndimu kwa mbali.

Halafu tochi ikapanda yenyewe mpaka kwenye kona ya dari:
madoa meusi, madogo madogo, yamesogea hadi juu ya mto wangu.
Tangu masika nimekuwa nayavuta bure.
Nikafungua dirisha upepo uingie.

Ukaingia ukungu.