Nyongeza

Mizani tuliinunua kwa sonara wa Barabara ya Nane
siku alipofunga duka. Mpaka leo ina vumbi la dhahabu kwenye maungio,
na Mntambo kila asubuhi huipuliza taratibu
kama anayeamsha mtoto wa mwenzake.

Zirikoni. Shaba. Alumini kidogo.
Tunayeyusha pasipo hewa,
tunamimina kwenye kalibu yenye maji baridi tumboni,
upesi, kabla chembe hazijakumbuka kupanga foleni.
Ndicho kioo cha metali:
kimeganda na vurugu zake, hakina fuwele, hakina safu,
kinang'aa kama kijiko kisichowahi kuona mchuzi.

Kijiti cha kwanza tulikibana saa nne.
Kikabeba. Kikabeba.
Chuma cha korona kule Pongwe
kingekuwa kimeshasalimu amri.
Halafu, pa!
Nusu yake tuliiokota nyuma ya friji.
Hakikupinda hata unywele. Hakikuaga.
Kwenye darubini, ufa mmoja,
na msiba wote umepita humo.

"Nguvu zote hizo," akasema Mntambo, "na kuyumba hajui."

Basi niobi. Asilimia moja,
ukipiga chafya umepoteza wiki.
Mntambo akaguna: hata muuza dagaa wa Mgandini
nyongeza yake huonekana kwa macho.

Lakini niobi haipatani na shaba,
wala zirikoni haiipendi sana.
Wamelazwa chumba kimoja kwa nguvu,
kila mmoja kamgeuzia mwenzake mgongo,
na katikati ya migongo pamebaki
vijinafasi vilivyolegea.

Kijiti cha pili kilianza kulia mapema.
Sauti ndogondogo, kama mchele unaochaguliwa kwenye ungo.
Ufa ulianza, ukakutana na ufa, ukanyamaza.
Mwingine ukazuka pembeni.
Nilihesabu mistari mpaka themanini, nikaacha,
imepishana kama ya kiganja cha mfua nguo.
Kijiti kimefupika, kimenenepa,
kimepinda, kizima.

Tamaa ikatuingia. Tukatia asilimia nne.
Fuwele zikaota, kikamomonyoka kama kashata.
Hayo pia nimeyaandika daftarini, kwa wino.

Jioni umeme ulikatika.
Mntambo akakitia kile cha pili mfukoni,
akamwonyeshe mkewe kule Duga.
"Atasema nini?"
"Atasema tumekiharibu."

Na bado akaondoka nacho,
mkono juu ya mfuko.