Kidole Kisichosomeka

Mashine ilikataa.
Mara ya kwanza karani alisema, Mzee, futa mkono.
Akaufuta kwenye koti, lile la rangi ya majivu
alilolivaa kwenye harusi zote za ukoo, na mazishi yote.
Mara ya pili, Mzee, bonyeza kidogo.
Akabonyeza kama anayefukia mbegu,
gumba chini, kisha subira.
Mara ya tatu karani akanigeuzia skrini nijionee:
weupe mtupu. Hapakuwa na mistari.

Foleni iliguna nyuma yetu.
Ngumbau wa Kilungu, baba wa mama yangu,
mwenye miaka themanini na kitu na ng'ombe wawili,
kwa hesabu ya serikali hakuwa na kidole.

"Kimeenda wapi?" aliniuliza kwa Kikamba,
akikichungulia kwa jicho lake moja.
Sikuwa na jibu.

Kimebaki kwenye mpini.
Kimebaki kwenye mawe ya matuta,
matuta kumi na tisa aliyoyachimba peke yake
miaka ile mlima ulipokuwa ukiteremkia mtoni kila masika.
Alikuwa akiufuata udongo huko chini kwa karai,
akiurudisha juu kama mtu arudishaye mbuzi mtoro,
bila matusi.
Kimebaki kwenye kamba ya kisima,
kwenye karo ya mama, shilingi baada ya shilingi,
mpaka noti zenyewe zikanuka mbolea.

Nairobi alikuja mara moja tu,
kutolewa mtoto wa jicho.
Alikaa kwangu Umoja siku ishirini na mbili,
bandeji usoni, koti mgongoni.
Usiku wa tatu, saa kumi, nikasikia mlango.
Maji yalikuwa yamekuja bombani,
na babu, haulizi, haambiwi,
alikwisha kupanda na kushuka mara sita
na mitungi ya lita ishirini.
"Ngazi sitini na nne," akanipa ripoti.
"Aliyejenga hakuwa na haraka ya kufika."

Siku ya nane aliuliza shamba la hapa liko wapi.
Nikamwonyesha toka roshani:
mabati, nyaya, sare za shule za watu zikikauka.
Akanyamaza kama aliyepelekwa kwenye msiba asioujua.
Kesho yake nikaikuta ndoo ya rangi, mali ya mwenye nyumba,
imejaa udongo mwekundu wa wachimba mtaro,
na ndani yake kunde nne.
Aliupandisha kwa mfuko wa unga.
Kwa jicho moja.

Nilimkasirikia, nisifiche.
Nikamwambia, Babu, pumzika, majirani wanatucheka.
Akasema, "Haya."
Neno hilo tu. Mpaka leo
maji yakija usiku nalisikia likipanda ngazi.

Zile pesa za wazee hatukuzipata.
Karani aliandika kwenye karatasi:
arudi baada ya wiki mbili, apake mafuta mikono,
asishike kazi.
Asishike kazi!
Alicheka toka Posta hadi Muthurwa,
akimsomesha karatasi ile kila aliyesimama,
muuza miwa, askari wa kanjo, mama wa njugu.

Tulimzika Agosti, pembeni mwa tuta la kwanza.
Jembe walipewa wajomba.
Mimi nilirudi na koti, lisilonitosha mabegani,
na mfukoni mwake mlikuwa na karatasi ya karani,
imekunjwa mara nne, imefungia mbegu.

Kunde za ndoo huanguka zenyewe, huota zenyewe.
Mwenye nyumba siku hizi huja kuomba majani.

Leo asubuhi nilichuma kabla ya kwenda kazini.
Nikaishika simu niangalie saa.
Ikanikataa: jaribu tena.
Nikajaribu tena.
Gumba langu lilikuwa jekundu kwa udongo, mistari yote imezibwa,
na maji yalikuwepo, na kitambaa kilikuwepo,
nami nilikuwa nimechelewa.
Sikulifuta.