Mpelelezi wa Bei

Meneja aliniambia: vua aproni, vaa barakoa,
vuka barabara, ingia Wingi kama mteja.
Usinunue kitu. Soma tu.
Nikavuka, kalamu mfukoni, kiganja kitupu.

Bawabu alinielekezea kipimajoto kwenye kipaji cha uso:
thelathini na sita nukta nne. Akaridhika.
Kile chombo hakipimi unafiki.

Sukari kilo mbili, mia mbili na kumi.
Unga wa ugali, mia na tisa.
Nikaandika kiganjani, chini ya kidole gumba,
na mlangoni, nikitoka, wakaninyunyizia kitakasa mikono.
Bei ya mchele ikafutika nusu.
Jioni ile Shibe iliuza mchele kwa hasara
kwa sababu yangu.

Jumanne nikamwona kwetu:
mrefu, barakoa ya kitenge,
amesimama mbele ya sabuni kama anayesoma tangazo la msiba,
toroli tupu, kitambaa kikicheza mdomoni.
Alikuwa akihifadhi.
Nikamjua. Mwizi hujuana na mwizi.
Nikamnong'oneza kwa umbali wa mita moja na nusu
(na kunong'ona umbali huo ni kupayuka):
"Mchele leo umepanda. Andika."
Macho yakacheka. Kwingine sikukuona.

Basi tukawa tunapishana, mimi kwao, yeye kwetu,
na wakubwa wakishushiana shilingi kwa shilingi
kama watu wanaovutana kamba, na kamba ni sisi.
Wateja kutoka Nyalenda walipanga foleni
juu ya duara za rangi sakafuni, kila mtu kisiwani mwake,
wakashukuru vita.
Mama Nyagowa, mwenye meza ya nyanya nje ya lango letu,
hakuwa tena na bei ya kushusha.

Kisha wagonjwa wakazidi. Kafyu ikarudi saa moja.
Milimani wakahamia kwenye simu,
na bei zote zikaanikwa humo, mbele ya adui na rafiki,
kando ya picha ya nyanya isiyo na kovu.
Hapakuwa na wa kutumwa tena.
Nikarudishiwa aproni, nikapewa toroli na orodha:
nikawa mikono ya watu nisiowajua.
Ndizi zisiwe mbivu sana.
Parachichi, bonyeza kwanza.
Nabonyeza. Nanusa nanasi kupitia barakoa, sipati kitu.
Yupo aliyelalamika kwamba vitunguu havikuwa na furaha.

Ng'ambo, Wingi walianza kupanga maji ya chupa
safu moja tu, mbele kabisa ya rafu,
kuficha mbao zilizo nyuma.
Baadaye maji nayo yakaisha.
Tumeshinda, meneja akasema, akatugawia soda.
Yangu niliinywa nimegeukia ukuta, barakoa kidevuni,
nikihesabu madirisha yao yenye taa. Mawili.

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu, oda:
Manyatta, nyumba ya bati la buluu, nyuma ya kinyozi.
Unga pakiti moja. Chumvi.
Sabuni ya mche, nusu, kama mnakata.
Nyanya tano.
Jina, Obuya. Sikulijua.
Maelezo: *Kama wewe ni yule wa mchele,
nyanya nichagulie wewe. Mimi sasa sina pa kwenda kusoma.*

Nilizitazama nyanya zetu, zimefungwa nne nne kwa plastiki,
zinang'aa kama zilivyo kwenye picha.
Nikatoka langoni na aproni yangu,
nikampa Mama Nyagowa pesa zangu,
nikabonyeza moja moja hadi akauliza, kwani ni za nani?
Akatia ya sita, nyongeza, bila kuombwa.

Pikipiki iliondoka kafyu ikikaribia.
Kwenye risiti zinasomeka tano.